Mafua Yetu na Figo ya Karani

Kijiwe chetu kiko pale barabara ya maghala inapokutana na kichochoro cha mafundi. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu, mguu wa kushoto umefungwa waya, na limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la miwani lililofungwa zamani, ila yale macho mawili makubwa yaliyochorwa mlangoni bado yanatutazama. Kahawa anauza Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu. Ana birika moja, vikombe sita na ndoo ya kusuuzia. Mimi ni fundi saa, meza yangu imegusana na benchi, kwa hiyo hata nikitaka nisisikie, nasikia. Wa kila siku ni Bondia, aliyepigana ngumi ujanani na sasa analinda geti la ghala la saruji; Profesa, anayeuza vitabu vilivyokwisha kutumika na ambaye sisi tunaamini anasoma majalada tu; na Karani wa masjala ya mahakama, mtu mpole, kalamu mbili mfukoni, ambaye wakati wa chakula cha mchana hakukosa kupita kunywa kikombe kimoja na kusikiliza porojo zetu kama anasikiliza kesi.

Nataka niseme yaliyompata Karani. Nayasema kama yalivyokuwa, na pale tulipokosea sitapita kichochoroni.

Karani figo zake zilikufa polepole. Tulianza kuona viatu vinambana, kisha uso unavimba asubuhi, kisha akatuambia kwamba sasa anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Alikaa hivyo miaka miwili. Siku za mashine alipita hapa mchana rangi imemtoka, anashika ukuta. Aliyemtoa huko ni mdogo wake wa kike, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba ambaye ukimwona hujui anabeba nini. Alipimwa, damu zikakubaliana, akatoa figo yake moja. Walilazwa wote wawili, dada akatoka kwanza.

Miezi minne baadaye Karani alirudi kijiweni. Amenenepa mashavu, anatembea bila kushika kitu, na Bondia alifurahi mpaka akaacha geti lake wazi. Lakini Karani alikuja na barakoa, na kikombe chake mwenyewe kutoka nyumbani amekifunga kwenye mfuko. Hakukaa katikati kama zamani. Alikaa mwisho kabisa, upande upepo unakotokea. Bondia aliponyoosha mkono, Karani aliuweka wake kifuani akainamisha kichwa.

Ndipo akatueleza. Alisema mwili wake haujui kama hii figo ni ya dada. Unaiona ni mgeni aliyevunja mlango, ukiachiwa utamfukuza. Kwa hiyo anameza dawa kila siku, asubuhi na jioni kwa saa ile ile, za kuulaza mwili usingizi. Na mwili ukilala, hauamki kwa mgeni huyo tu, hauamki kwa mwizi yeyote. Profesa akamuuliza mwizi gani. Karani akasema:

— Mafua, kwa mfano. Ninyi mkipata mafua mnatafuta leso. Mimi nikiyapata natafutiwa kitanda.

Alituomba mambo matatu. Mwenye mafua au kikohozi aseme, ili yeye apishe. Tunawe mikono, Shangazi aweke sabuni. Na tukipata nafasi twende kliniki tuchanjwe chanjo ya mafua, maana yeye amechanjwa lakini daktari amemwambia kwake inashika nusu, hivyo kinga yake nyingine ni watu wanaomzunguka. Tuliitikia wote. Bondia aliapa.

Aliyekwenda kuchanjwa ni Shangazi peke yake. Alirudi mkono unamuuma, na tangu siku hiyo akaanza kuvimwagia vikombe maji ya moto badala ya kuvichovya kwenye ndoo. Tulimcheka. Profesa alimwita daktari wa birika.

Msimu wa baridi ulipoingia na mvua zake, mji mzima ulianza kukohoa. Kwenye vyumba vya kungojea, kwenye foleni, madukani, kila mtu ana leso. Mchana mmoja Bondia alikuja pua inachuruzika, akakaa karibu na Karani na kuanza kusimulia habari za lori lililokwama getini. Karani alimsikiliza dakika mbili, akainuka taratibu, akaaga, akaondoka kahawa yake haijafika nusu. Jioni yake akanipigia simu. Alisema daktari amemshauri akae ndani mpaka msimu upite, ofisini wamempa ruhusa, na anayetaka kumwona asiwe mgonjwa na wakutane uani, penye hewa. Aliniomba nimwambie Bondia asimchukulie vibaya.

Nilimwambia. Alimchukulia vibaya.

Hapo ndipo kijiwe kilipopata kazi. Kila siku, kikombe mkononi, tulimjadili mtu ambaye hayupo. Bondia alisema amejuana na Karani miaka kumi na tisa, alimbeba mgongoni siku alipoanguka mlangoni pa chumba cha mashine ya damu, na leo anakimbiwa kama jalala. Profesa akaanza na nadharia ndogo, kwamba mgonjwa aliyepona huwa na woga. Kesho yake ikakua. Akasema mwili ni kama askari, ukikaa kambini bila vita unasahau kulenga, kwa hiyo Karani anahitaji vijimafua vidogo vya mazoezi. Nikamwuliza dawa zinazoulaza mwili atafanya nazo nini. Akasema ndiyo hizo hizo, watu wa hospitali wanamlaza ili asiamke akawauliza maswali. Siku ya tatu alikuja na maelezo kwamba mafua yenyewe hayatoki kwa watu bali kwa baridi ya sakafu, na kwamba mtu anayevaa soksi mbili hawezi kuambukizwa hata akilala wodini.

— Umesoma wapi? Shangazi alimuuliza.

— Kuna vitabu.

— Nje au ndani?

Tulicheka sana siku ile. Nikikumbuka kicheko kile sasa najisikia vibaya.

Jambo moja sikuwaambia wenzangu wakati huo, kwa sababu sikulijua, nimelijua baadaye kwa mke wa Karani. Yule dada wa Karani aliyetoa figo alikuwa anaishi nao nyumba moja. Msimu ulipoanza, mwalimu huyu aliangalia wanafunzi wake thelathini, kila mmoja na kamasi zake, akafungasha nguo zake na kwenda kukaa chumbani kwa mwalimu mwenzake. Kila alasiri akitoka shule alikuja kwa kaka yake, lakini hakuvuka kizingiti. Alisimama nje ya dirisha la sebule, barakoa usoni, mwavuli mkononi, wakaongea kupitia wavu wa mbu. Alimwuliza amekula nini, joto la mwili limesoma ngapi, dawa ya asubuhi ameimeza saa ngapi. Halafu anaondoka. Mtu aliyetoa figo yake aliridhika kumwona kaka yake kupitia wavu.

Sisi hatukuridhika.

Wazo la kwenda lilitoka kwa Bondia, lakini Profesa ndiye aliyelitia miguu. Alisema upweke unaua watu haraka kuliko ugonjwa, na safari hii hakuwa anaropoka kabisa, ndiyo maana tulimsikiliza. Bondia naye alikuwa ameongea na Karani kwenye simu, na Karani alimwambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka kuongea na ukuta. Bondia alirudia maneno hayo benchini mara nyingi. Alisema mtu akifika mahali pa kusema hivyo, rafiki hangoji kukaribishwa. Tukapanga Jumamosi, twende bila kumwambia, tumshtue. Shangazi alisema tumpigie simu kwanza. Bondia akamjibu kwamba ukimpigia mtu mwoga simu, unamsaidia kukataa.

Jumamosi yenyewe mvua ilianza asubuhi. Tulikwenda watatu, tumebeba machungwa kwenye mfuko. Mimi koo lilikuwa linaniwasha tangu juzi yake. Nilikuwa na pipi ya kifua mdomoni, ile kali inayofungua pua, nikajiambia ni vumbi la mezani kwangu. Profesa alikuwa anavuta pua, lakini Profesa huvuta pua mwaka mzima. Bondia alikuwa kimya isivyo kawaida yake, macho mekundu, nikadhani ni zamu ya usiku.

Karani alifungua mlango mwenyewe. Mkewe alikuwa kazini. Alipotuona macho yake yalitabasamu juu ya barakoa, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Alisema tukae barazani. Lakini baraza la nyumba ile ni ukingo tu wa bati, na mvua ilikuwa inapigwa na upepo, imekwisha kutulowesha mabega. Bondia akamwambia, kwa utani, kwamba amewaacha wageni nje kama kuku waliokosa banda. Karani hakucheka. Alisimama kashika mlango, akatuuliza swali moja, polepole, kama anavyouliza mtu wa mahakamani.

— Kuna mwenye mafua hapa? Semeni tu, sitakasirika. Tutaongea siku nyingine.

Bondia akasema:

— Hakuna, kaka. Wote wazima.

Karani akamtazama Profesa, Profesa akatikisa kichwa. Akanitazama mimi. Nikameza ile pipi nzima nzima, ikanikwama, nikasema hakuna.

Akatufungulia.

Alifungua na madirisha mawili. Mvua ilipoanza kuingia, Profesa alifunga moja ili vitabu vilivyokuwa kwenye kochi visilowe. Mwanzo Karani alikaa mbali, kwenye kiti cha karibu na jiko. Lakini Bondia alianza stori zake za ngumi, ile ya mpinzani aliyepoteza kaptula katika raundi ya pili, na Karani alicheka mpaka akashika kovu lake tumboni. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu figo zake za kwanza zianze kufa. Akasogeza kiti. Akavua barakoa ili ale chungwa. Tulikaa saa mbili na ushee. Tulipoondoka, Bondia alimkumbatia, akamshika kwa muda mrefu, na Karani hakujitoa. Njiani kurudi tulijipongeza. Tulisema tumemrudishia uhai.

Siku ya nne homa ilimshika. Mkewe hakungoja, maana kliniki iliwaambia wasilalie homa hata saa moja. Alimkimbiza. Walimpa dawa za virusi, lakini mafua yalikuwa yamekwisha kushuka kifuani, yakawa nimonia. Wakamwekea hewa ya mtungi. Wiki ya pili madaktari walilazimika kupunguza zile dawa za kuulaza mwili, la sivyo asingekuwa na cha kupigania maisha. Mwili ukaanza kuamka. Ulipoamka ukapambana na nimonia, ukaishinda. Kisha ukageuka ukamwona yule mgeni.

Siku hizo benchi lilikuwa zito. Profesa alijaribu nadharia moja, kwamba pengine Karani aliyapata mafua kwenye maji ya kuoga, akaiacha njiani. Mchana mmoja Bondia alinifuata mezani watu hawapo. Aliongea huku anaangalia saa ya ukutani niliyoifungua, magurudumu yake yote ya meno yako nje.

— Usiku ule kabla ya kwenda kwake nililala na homa, fundi. Nilimeza vidonge viwili asubuhi ili nisikohoe mbele yake.

— Kwa nini hukubaki nyumbani?

— Nilidhani homa imekwisha. Haikuwa imekwisha. Nilikuwa naihisi mgongoni pale pale kwenye kiti chake.

Nikamwambia habari ya koo langu na pipi. Baadaye tuligundua kwamba na Profesa siku zile alikuwa anatibiwa kikohozi na mke wake kila jioni. Kila mmoja alidhani ni siri yake peke yake.

Tulikwenda hospitali mara moja. Kwenye mlango wa wodi muuguzi anauliza kila mgeni kama ana homa, kikohozi au mafua, ndipo anampa barakoa. Bondia bado alikuwa anakohoa. Safari hii hakusubiri kuulizwa. Aligeuka mwenyewe, akashuka ngazi, akaenda kusimama mvuani kwenye ukuta wa nje, chini ya dirisha ambalo hata halikuwa la wodi ile. Mimi niliruhusiwa dakika tano. Karani alikuwa amekondeana, ana mrija puani, akaniuliza biashara ya saa inaendaje. Hakuuliza kingine. Nilitamani angeuliza.

Dada yake alikuja kijiweni siku moja ya jua, baada ya karibu mwezi. Hatukuwa tumewahi kumwona hapa. Alikuwa ametoka shule, ana vumbi la chaki kwenye kiganja. Shangazi alimpisha kiti chake mwenyewe akamwekea kahawa. Dada akashukuru, akaishika tu. Hakupaza sauti wakati wowote. Aliongea nasi kama anavyoongea, nadhani, na wale watoto wake.

Alisema kaka yake ameruhusiwa na yuko nyumbani. Bondia akashusha pumzi iliyosikika na kila mtu. Dada akangoja amalize, kisha akasema figo imekufa. Wameiacha mumo humo kwa sasa, haifanyi kazi. Kaka amerudi kwenye mashine, mara tatu kwa wiki, kama zamani. Kuhusu kupandikizwa tena, madaktari wamesema ni safari ndefu, na sasa damu yake imekuwa ngumu kukubaliana na ya mtu mwingine.

Mkono wake mmoja ulikuwa ubavuni, pale alipopasuliwa. Sidhani alijua kama ameuweka pale.

Bondia aliinuka. Mtu mkubwa yule, alisimama mbele ya dada kama anasubiri hukumu. Akasema ni yeye. Akasema alikuwa na homa na alidanganya mlangoni. Nikasema na mimi. Profesa akasema na yeye, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Dada alituangalia mmoja mmoja, na uso wake haukubadilika, nikaelewa kwamba alikwisha kujua au hakuona tofauti.

Bondia akasema:

— Dada, mimi nina figo mbili nzima. Nipeleke wanipime leo.

— Sikuja kuomba figo, kaka.

— Basi tuambie tufanye nini.

Dada akaweka kikombe chini, taratibu, kisimwagike.

— Nimekuja kuuliza tu. Kaka hawezi kuwauliza, anawapenda. Mimi nilisimama dirishani wiki saba. Zilikuwa zimebaki tatu msimu uishe, na daktari alikuwa ameshasema nitarudi ndani. Ninyi mlikuwa na haraka gani?

Lori lilipita kwenda ghalani, vumbi likatufunika, likatulia. Nilijaribu kutafuta jibu. Nilifikiri kuhusu upweke wake, na maneno ya ukuta, na miaka kumi na tisa. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lisingengoja wiki tatu.

Dada alitupa muda wa kutosha. Hakuwa anatukomoa, alitaka kweli kujua. Alipoona hatuna kitu, alisimama, akamwambia Shangazi asante, akasema kaka anatoka kwenye mashine saa kumi na hapendi kurudi nyumbani peke yake. Akavuka barabara. Tulikaa vile vile mpaka Bondia akaitwa getini, lori lilikuwa linapiga honi na hakuna wa kulifungulia.